Tundu Lililohama

Naomba niungame mapema kwamba mimi ni mkusanyaji wa vitabu vya vibonzo, wala si msomaji wake. Watu waliosalimika na maradhi haya hudhani kuwa mambo hayo mawili ni jambo moja. Msomaji hununua kitabu ili ajue jinsi shujaa alivyonusurika; mkusanyaji hukinunua ili ajue jinsi pembe za jalada zilivyonusurika. Nina masanduku saba yaliyojaa mashujaa wenye pembe kali, na ukiniuliza nani alimshinda nani katika toleo lolote, nitakujibu mwaka wa kuchapishwa na hali ya pini zake.

Ili usidhani natia chumvi, chukua toleo la kwanza la X-Men la mwaka 1991, ambalo maduka yaliagiza nakala zaidi ya milioni 8. Lilitoka na majalada matano tofauti, ilhali hadithi ya ndani ilikuwa ni ile ile. Majalada manne yakipangwa bega kwa bega huungana yakawa picha moja ndefu, na jalada la tano hukunjuliwa likaonyesha picha hiyo hiyo nzima, kwa hiyo aliyenunua la tano hakuwa na haja yoyote ya yale manne. Hilo nililitambua baada ya kuyanunua yote matano. Hadithi yenyewe siijui mpaka leo. Tena ninalo toleo la 75 la Superman, la mwaka 1992, ambamo shujaa huyo anauawa, na ambalo liliuzwa likiwa limefungwa ndani ya mfuko mweusi pamoja na kitambaa cheusi cha maombolezo cha kuvaa mkononi. Mfuko wangu haujawahi kufunguliwa. Superman amekwisha kufufuka na kuoa, na huko alikooa mambo yanaendelea vizuri, lakini mimi bado sijaanua matanga.

Tulionunua vitu hivyo tulikuwa na hesabu zetu. Tulisikia kwamba toleo la kwanza la Action Comics, la mwaka 1938, ambalo Superman alitokea kwa mara ya kwanza na ambalo liliuzwa kwa senti 10, sasa linagombewa na matajiri kwa mamilioni ya dola. Tusichokitafakari ni sababu ya ughali huo: watoto wa wakati ule walisoma vitabu vyao hadi vikachakaa, mama zao wakavitupa, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia karatasi nyingi zikakusanywa zikarejelewa. Vilivyobaki ni vichache. Vya miaka ya 1990, kinyume chake, tulivihifadhi sote, kila mmoja nakala mbili mbili, na kitu ambacho kila mtu amekihifadhi hakina wa kukitafuta. Biashara ikaporomoka, na kufikia mwaka 1996 Marvel yenyewe, mchapishaji wa X-Men, ikawa mahakamani ikijitangaza muflisi. Mimi niliendelea kununua mifuko ya plastiki.

Katika nyumba hii hii anaishi mdogo wangu wa kike, ambaye ni msomaji, na msomaji wa aina ya hatari. Husoma kila kinachochorwa. Husoma manga, yaani vibonzo vya Kijapani, kutoka kulia kwenda kushoto kwa wepesi ule ule anaosomea albamu za vibonzo za Ufaransa na Ubelgiji kutoka kushoto kwenda kulia, na akiwa na vyote viwili mapajani hana anapokwama. Hulamba kidole ndipo afunue ukurasa. Hukikunja kitabu mgongo ukalia. Akikimaliza hukiazimisha kwa mtu asiyemjua vizuri, na kisiporudi husema, “Basi kimepata wa kukisoma.” Siku moja alinieleza kwamba magazeti manene ya manga ya kila juma huko Japani huchapwa kwa karatasi duni kwa makusudi, watu huyasoma na kuyatupa, kisha anayependa hadithi fulani hununua kitabu chake kikitoka. Alidhani ananichekesha. Nilikosa usingizi.

Kwa sababu hiyo niliweka sheria. Masanduku hayaguswi. Karatasi ya vitabu vya zamani ina lignini, ambayo ikikutana na mwanga na hewa huigeuza rangi ikawa manjano, kisha kahawia, mwishowe ikavunjika kama jani kavu; unyevu nao huzitia pini kutu. Kila kitabu changu kimesimama wima ndani ya mfuko wake, na nyuma yake pana kadi ngumu isiyo na asidi. Mikono huoshwa na kukaushwa kabla ya kugusa chochote. Zamani nilivaa na glavu za pamba, hadi niliposoma kwamba glavu hufanya vidole viwe vizito na kurarua kurasa kuliko mikono mikavu iliyo safi, jambo ambalo jalada langu moja lilikuwa limekwisha kunithibitishia.

Sasa nije kwenye stempu. Mwaka 1974 Marvel ilianza kuchapa kwenye ukurasa wa barua za wasomaji kijipicha kidogo kilichoitwa stempu, na ikawahimiza watoto wakikate na kukibandika kwenye kijitabu maalumu hadi watimize stempu 100. Watoto, ambao kwa kawaida hawatii, safari hiyo walitii. Matokeo yake, vitabu vingi vya miaka ile vina tundu la mstatili kwenye ukurasa wa barua, na toleo la 181 la Hulk, ambalo shujaa Wolverine alitokea kikamilifu kwa mara ya kwanza, hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake iwapo stempu haipo. Sijui mchapishaji mwingine yeyote aliyewaomba wateja wake washike mkasi dhidi ya bidhaa yake mwenyewe.

Mimi sikununua Hulk. Uwezo huo sina. Nilinunua toleo jingine la mwaka ule ule, la shujaa wa daraja la kati, lenye jalada linalong'aa na bei iliyonistaajabisha kwa unafuu wake. Wahenga walisema rahisi hugharimu, lakini wahenga hawakuliona jalada lile. Nilikuwa nimekwisha kulitia kwenye mfuko mpya wa Mylar, aina ya plastiki angavu, ambao ndio ulio bora kuliko yote, wakati mdogo wangu alipochungulia begani mwangu akaomba anifunulie japo ukurasa mmoja kwa mikono iliyooshwa. Nilimruhusu kwa sababu nilitaka kujivuna. Akafunua, akanyamaza, kisha akauliza kwa upole, “Kaka, hiki kitabu kina dirisha?”

Kilikuwa na dirisha. Kupitia kwenye ukurasa wa barua lilionekana jicho moja la jitu la ukurasa uliofuata, likinikodolea.

Uamuzi niliouchukua ni wa kawaida katika jamii yetu: ukikosa kiungo, tafuta maiti. Nilitafuta nakala ya pili ya toleo lile lile, iliyoharibika kwingine lakini yenye stempu, ili nihamishe stempu kutoka huku kwenda kule. Nikaipata. Jalada lake la nyuma halikuwepo kabisa, ila mbele ilikuwa safi, na stempu ilikuwa mahali pake. Nikaitia kwenye mfuko wa kawaida, nikaweka kadi nyuma yake, na hapo ndipo nilipojichimbia kaburi, kwa kuwa nakala isiyo na jalada la nyuma ikiwekewa kadi huonekana nzima, kama mtu aliyechanika shati mgongoni akaegemea ukuta. Nikaisimamisha sandukuni pamoja na mwenzake.

Mdogo wangu aliniomba aisome maiti hiyo kabla ya upasuaji. Wakati huo nilikuwa nimezama kwenye maelezo ya gundi ya wanga wa ngano, ambayo wahifadhi wa karatasi huipenda kwa sababu unaweza kuiondoa kwa maji baadaye bila kudhuru karatasi, na nilijibu “chukua” bila kuinua kichwa. Sikumbuki kulitamka neno hilo. Yeye analikumbuka hadi na saa.

Siku ya upasuaji ilipofika nilijifungia chumbani. Nilitandaza kitambaa cheupe, nikapanga wembe mpya, rula ya chuma, kibanio, brashi nyembamba na kibakuli cha gundi. Nikafungua sanduku la nne, nikapekua hadi kwenye namba yenyewe, na hapo nikakuta mifuko miwili: mmoja wa Mylar, wenye mgonjwa, na mwingine wa kawaida. Ule wa kawaida ulinionekea umepauka kuliko nilivyoukumbuka. Nilijiambia kwamba plastiki za siku hizi hazina ubora, na kwa dakika nzima nikawalaani watengenezaji wake.

Nikaitoa nakala ile ikiwa imelala kwenye kadi yake, nikafunua taratibu hadi kwenye ukurasa wa barua, nikateleza kipande cha plastiki ngumu chini yake ili wembe usipenye kurasa za ndani, nikabana pumzi. Mikato minne. Stempu ikainuka kwenye kibanio bila nywele hata moja ya karatasi kuachwa, na nakuhakikishia kwamba katika maisha yangu sijawahi kufanya jambo lolote kwa ustadi namna ile. Niliifunga kwenye tundu la mgonjwa kwa vipande vya karatasi nyembamba ya Kijapani vilivyopakwa gundi, nikaweka karatasi kavu juu na chini, kisha nikakandamiza yote kwa kamusi nene, ambayo ndiyo matumizi pekee niliyowahi kuipatia kamusi hiyo. Lile jicho la jitu likafumba. Nilisimama pembeni nikiwa nimekunja mikono, nikatamani pangekuwa na wauguzi wa kunipa pole ya kazi.

Ndipo nikaichukua maiti ili niitupe, nikaigeuza.

Ilikuwa na jalada la nyuma. Jalada zima, lenye tangazo lake la rangi, pembe zote nne zikiwa kali kama za siku ya kwanza. Wazo lililonijia mwanzo, na naliandika hapa kwa aibu, ni kwamba limeota. La pili lilinipeleka mbio kwenye daftari langu la orodha, ambamo huandika kila ninachokinunua na ambalo, kama vitabu vyenyewe, huliandika bila kulisoma. Miaka tisa nyuma, kwa mwandiko wangu mwenyewe, palikuwa na namba ya toleo lile, na mbele yake maneno haya: “Nzima. Bora sana. Haijafunguliwa.”

Nilikuwa nayo. Kabla ya kununua yenye tundu, kabla ya kutafuta maiti, kabla ya kusoma habari za wanga wa ngano, nilikuwa na nakala kamili iliyosimama sandukuni ikinisubiri, na nimeitoboa kwa mkono usiotetemeka ili kuitibu nakala mbovu ambayo sikuihitaji.

Mlango ukafunguliwa. Mdogo wangu aliingia na ile maiti halisi, isiyo na jalada la nyuma, ameikunja na kuishika kwa mkono mmoja, kidole kikiwa katikati kama alama. Alitazama wembe, akatazama kilichokuwa mezani, akashika mdomo.

“Kaka! Umeikata ile nzuri?”

“Nzuri ipi?” nikauliza.

Alinyamaza. Mimi nami nikanyamaza, kwa kuwa nilianza kuielewa sentensi yake kwa kuchelewa, kama mtu anayesikia radi baada ya kuona umeme.

“Wewe umejuaje kwamba kulikuwa na nzuri?”

“Niliisoma,” akasema akiitazama dari. “Mwaka juzi, ulipokuwa umesafiri. Nilinawa mikono, kaka, nikaikausha. Hata mfuko niliufunga kwa utepe ule ule.”

“Na siku zote hizi ninapotafuta nakala ya pili, ninapohangaika na gundi, ulikuwa unajua kwamba ninayo nzima?”

“Nilijua.”

“Ukakaa kimya.”

“Ningekuambiaje? Uliniapiza nisiguse sanduku.”

Hoja hiyo sikuweza kuijibu, kwa sababu kiapo nilikiandika mimi na hakikuwa na kifungu cha msamaha kwa anayeleta habari njema. Nikaketi. Mbele yangu kulikuwa na nakala tatu za kitabu kimoja. Ya kwanza ilikuwa na stempu ya kubandikwa, na kwa uaminifu siwezi tena kuiuza bila kumwambia mnunuzi kwamba ni kiraka. Ya pili, ambayo asubuhi ile ilikuwa fahari ya sanduku la nne bila mimi kujua, sasa ilikuwa na dirisha. Ya tatu ilikuwa kwapani mwa mdogo wangu, na ndiyo peke yake yenye stempu iliyozaliwa nayo. Sikuwa nimeziba tundu lolote. Nilikuwa nimelihamisha tu.

Hapo ndipo akili ya mkusanyaji iliponirudia. Ikiwa tundu linahamishika, si basi lihamishwe hadi liishie kwenye nakala isiyo na thamani? Stempu ya maiti ikiingia kwenye dirisha la ile bora, tundu litabaki kwenye maiti, ambayo tayari haina mgongo na haitahisi tofauti. Gundi ilikuwa bado mbichi kibakulini. Nikachukua wembe kwa mkono mmoja, na kwa mwingine nikamwomba anipe kitabu.

Mdogo wangu akarudi nyuma hatua moja, akakikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili.

“Subiri kwanza, kaka. Safari ile ulirudi nikiwa nimebakiza kurasa mbili.”