Maji ya Shela yapimwe mferejini pia

Ukitaja risasi, ile metali yenye sumu, kwenye maji hapa Amu, mji wa Lamu, jibu linakungoja barazani: maji yetu yatoka visima vya Shela, yamechujwa na matuta ya mchanga, na wazee wetu wameyanywa wakaishi. Jibu hilo lina uzito. Tena adui aliye mlangoni ni kipindupindu, na anayewatia watu hofu ya mfereji huenda akawarudisha kwenye kisima cha uani, hatua chache kutoka chooni.

Lakini wanaodai kipimo cha risasi wanaitwa wachochezi kabla hawajasikilizwa. Hawasemi kisima kina sumu. Risasi aghalabu haitoki kisimani, maji huiokota njiani: kwenye mabomba ya zamani, viungo vilivyolehemiwa kwa risasi, mifereji ya shaba isiyo na ubora. Mji wa Flint, Marekani, ulihamia maji ya mto mwaka 2014 ili kubana gharama. Kilichowaponza watu si risasi ya mtoni. Maji yale yalikuwa na kloridi nyingi, dawa ya kuzuia kutu haikutiwa, yakayala mabomba na mabomba yakaachia risasi.

Kloridi ndiyo iliyomo kwenye chumvi, na hapo ndipo ninaposhindwa kutulia. Sisi ni watu wa kisiwani. Kisima kikivutwa kupita kiasi, bahari huingia chini kwa chini na maji yakakolea chumvi. Tunalalamikia ladha na chai iliyoharibika. Mabomba je?

Na mama anayemchemshia mwanawe maji akidhani ameyasafisha? Moto huua vijidudu. Risasi haiondoki, maji yakipungua sufuriani, yenyewe hukolea. Haina rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita, na bado linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, kwa kuwa hudhuru ubongo unaokua.

Gharama ipo, sikatai. Ila hatuhitaji kupima kila nyumba. Tuanze na shule na zahanati, na chupa ijazwe alfajiri, kabla mtu hajafungua mfereji, maana maji yaliyolala bombani ndiyo yaliyoshika risasi nyingi. Fundi akiyaachia kwanza yamwagike ndipo akinge, atakuwa amepima maji ambayo mtoto wa kwanza kufika shuleni hakuyanywa.