Hadithi Shirikishi Haipimwi kwa Wingi wa Njia

Kila inapozungumzwa hadithi shirikishi, yaani hadithi ya kwenye kompyuta inayoendelea kwa matendo ya msomaji, sifa ya kwanza kutajwa huwa ni uhuru: msomaji huchagua, hadithi humfuata, na kadiri matawi na miisho inavyokuwa mingi ndivyo kazi inavyohesabiwa kuwa bora. Kipimo hicho nakipinga kabisa. Nguvu ya fani hii imo katika namna matini inavyomjibu msomaji anapojaribu kutenda, hasa pale jibu lenyewe linapokuwa katazo.

Hali ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Katikati ya miaka ya 1970, Will Crowther, mwandishi wa programu wa Marekani aliyependa kuchunguza mapango, alitunga mchezo wa maandishi uitwao Adventure kwa lugha ya programu ya Fortran kwenye kompyuta ya PDP-10, akifuata sehemu ya pango la Mammoth Cave, Kentucky, alilolijua kwa miguu yake. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, na mchezo huo aliuandika akiwafikiria binti zake. Mwaka 1977 Don Woods akaupanua. Msomaji aliandika amri ya neno moja au mawili, kisha akasoma kilichompata. Humo hamkuwa na miisho mingi ya kuchagua. Kulikuwa na wavu wa chuma uliofungwa kwa kufuli, giza ambalo asiye na taa angeweza kutumbukia shimoni ndani yake, na vijia vinavyofanana hata mtu asijue atokako. Mahali palipomkatalia mtu ndipo alipoanza kupaamini.

Kampuni ya Infocom, iliyoanzishwa mwaka 1979 na watu wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, iliuza mchezo wa Zork na kuifundisha programu kuelewa sentensi kamili. Ilifungwa mwaka 1989, lakini wapenzi wa fani wakaiendeleza wenyewe, hasa baada ya Graham Nelson kutoa Inform, chombo cha kutungia hadithi za aina hii, mwaka 1993. Kwa maoni yangu, kazi zilizokomaa zaidi zilizaliwa wakati huo, soko lilipokuwa limekwisha kuipa fani kisogo.

Mwaka 1998 pekee watosha kuwa ushahidi. Photopia ya Adam Cadre haimpi msomaji karibu uamuzi wowote wa maana: msichana aitwaye Alley atakufa katika ajali ya gari, na hakuna amri iwezayo kumwokoa. Wapo waliolalamika kwamba huo si ushirikishi. Mimi naona kinyume, kwa sababu katika riwaya ya kawaida msomaji husikitika bila kuwa na la kufanya, ilhali hapa mikono yake iko juu ya kibodi, anajaribu, na kushindwa kwake kunakuwa sehemu ya huzuni yenyewe. Spider and Web ya Andrew Plotkin huenda mbali zaidi. Mhusika ni jasusi aliyekamatwa, na tunachokicheza ni maelezo anayompa mhoji wake. Tukitenda jambo lisiloafikiana na ushahidi, mhoji hutukatiza na kusema kwamba mambo hayakwenda hivyo. Kosa la mchezaji, ambalo kwingineko lingekuwa usumbufu tu, limegeuzwa kuwa uongo uliogunduliwa.

Nadharia imetusaidia kwa kiasi. Mwananadharia Espen Aarseth, katika kitabu chake Cybertext cha mwaka 1997, alitenganisha maneno yaliyohifadhiwa ndani ya matini na yale yanayomfikia msomaji, akasisitiza jitihada anayoitoa msomaji ili kuyafikia. Hata hivyo, jitihada bila jibu lililotungwa kwa uangalifu ni kazi ngumu tu.

Wengine watasema hoja yangu ni ya enzi za kuandika amri, na kwamba Twine, chombo cha kutungia hadithi za kubofya alichokitoa Chris Klimas mwaka 2009, kimerudisha matawi kwenye kiti chake. Hao na waitazame Depression Quest ya mwaka 2013, hadithi ya mtu mwenye sonona, iliyotengenezwa kwa Twine hiyohiyo. Humo, uamuzi wenye busara na afya huonekana kwenye skrini ukiwa umekatwa kwa mstari, unasomeka vizuri lakini haubofyeki, na kadiri hali ya mhusika inavyozidi kuwa mbaya ndivyo mistari hiyo inavyoongezeka.