Wapangaji wanagombana, kumbe waya ndo unahesabu

Nyumba ya kupanga yenye luku moja na vyumba vitano ni ugomvi tu, we uliza mtu yeyote Mwanjelwa au Soweto hapa Mbeya. Kwa iyo naelewa kabisa kwa nini mafundi wanafunga sabmita, yani mita ndogo, kila chumba alafu wanaweka kibao cha ESP32, kikompyuta kidogo, kihesabu mapigo ya umeme ambayo mita inatoa na kutuma kwenye simu. Wazo zuri sana. Ila hesabu ikianza kuzidi, kibao kinahesabu mapigo ambayo mita haikutoa, jibu ni lilelile kila siku, ongeza dilei kwenye programu, yani ikishika pigo isubiri kwanza, weka nusu sekunde, imeisha hiyo. Mi hapo sikubali kabisa.

Chukua sabmita iliyoandikwa 1600 imp/kWh, yani mapigo 1600 kwa kila uniti. Asubuhi ya mwezi wa saba Uyole, baridi ile mnaijua, mtu kawasha hita ya kuogea ya wati 5000 na jiko la umeme la wati 2000. Hiyo ni kilowati 7, mapigo 11,200 kwa saa, kama matatu kila sekunde, yani moja kila milisekunde 320 hivi. Sasa programu yako inalala nusu sekunde baada ya kila pigo, inaruka moja inashika moja, na anayeoga maji moto analipa nusu wakati jirani mwenye balbu na chaja analipa yote. Umetibu uongo wa kuzidi ukaleta uongo wa kupungua, na huu wa pili haushtui mtu, ndo maana naona ni mbaya zaidi.

Muda wa kusubiri upigie hesabu kwa mita yako mwenyewe. Kama breka ya chumba ni ampea 40, kwa volti 230 ni kilowati 9.2, na kwa mita hiyo ya 1600 mapigo hayawezi kukaribiana chini ya milisekunde 245. Basi weka milisekunde 200, kinachokuja haraka zaidi ya hapo kitupe bila huruma. Mita ya 3200 ina mpaka wake, ya 1000 ina wake, usikopi namba ya mtu. Alafu angalia na urefu wa pigo lenyewe, maana mita zenye ile njia ya S0, yani sehemu maalumu ya kutolea mapigo kwa waya, zinatakiwa zishikilie pigo angalau milisekunde 30, kwa iyo kitu kilichodumu milisekunde 2 sio umeme wa mpangaji, ni friji ya mtu imezima.

Na hiyo friji inaingiaje? Kwenye waya bana. Watu wanavuta waya mita kumi bega kwa bega na waya wa umeme mkubwa, wanategemea rizista ya ndani ya ESP32, ile ya kuishikilia pini juu pigo lisipokuwepo, ambayo ni kama kiloomu 45, dhaifu mno, waya unageuka antena, na huku kwetu msimu wa mvua radi zikianza utashangaa uniti zinapanda hata kwenye chumba kisicho na mtu. Tena pini 34 mpaka 39 hazina kabisa hiyo rizista ya ndani, ukichomeka hapo bila ya nje pini inaelea tu, haijui ni sifuri au moja. Weka rizista ya nje ya kiloomu 4.7 kutoka kwenye pini kwenda volti 3.3, kapasita ya maikrofaradi 1 karibu kabisa na pini, tumia jozi iliyosokotwa ya waya wa intaneti, na pitisha mbali na waya wa umeme. Ni vitu vya bei ya vocha, sijui kwa nini watu wanavikwepa.

Wanaosoma taa nyekundu ya mita kwa sensa ya mwanga, ziba kwa utepe mweusi pande zote, jua la saa tisa likipiga ukutani na tawi linapepea ni mapigo tosha. Na usifungue mita wala kugusa lakiri, sensa ikae juu tu.

Mita za maji ndo zinapiga chenga. Mita yenye sumaku kwenye mshale na swichi ya sumaku nje, bomba likifungwa mshale unaweza kusimama palepale mpakani ambapo swichi inafunga, presha ikicheza kidogo swichi inafunga inafungua taratibu na hakuna dilei itakayojua. Dawa ni swichi mbili zilizoachana, unahesabu pale tu ya kwanza ikifuatiwa na ya pili. Ila maji ya mgao yakirudi na upepo wa kwenye bomba ukazungusha mita, hapo sensa yako haijakosea, mita yenyewe ndo imehesabu upepo.

Kabla hujamdai mtu hela, chomoa waya upande wa mita, uache ulivyopita ukutani, washa na kuzima friji, blenda, drili, iache usiku kucha. Asubuhi inatakiwa isome sifuri. Ikisoma hata 1, rudi kwenye waya, programu iache kwanza.