Zawadi ya walimu na deni la mpishi

Mkutano wa wazazi wa shule ya msingi anakosoma mwanangu, hapa Moshi, ulikuwa na ajenda mbili zilizofuatana. Ya kwanza: mpishi na mlinzi wanadai malipo ya miezi miwili, kwa sababu wazazi wengi hawajatoa mchango wa chakula. Ya pili: kila mzazi atoe shilingi 5,000 kwa kila mtoto, tuwanunulie walimu zawadi kabla shule haijafungwa Desemba. Ya kwanza ilichukua dakika tano, ikaahirishwa. Ya pili ilikula zaidi ya saa nzima, na watu wakatawanyika wamenuniana. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiitafakari, maana pande zote mbili zilisema mambo ya kweli.

Waliotaka zawadi walikuwa na hoja nzito. Mwalimu wa darasa la kwanza hupokea watoto wasiojua hata kushika penseli, na ikifika Novemba wanasoma sentensi. Mshahara unalipa vipindi. Haulipi kumfuta mtoto kamasi, wala kumpigia mzazi simu usiku kwa vocha ya mwalimu mwenyewe kwa sababu mtoto alishinda mnyonge darasani. Mzee mmoja alikumbusha kwamba zamani, huko migombani, mkungu wa ndizi ulifika kwa mwalimu bila mkutano wala risiti, na hakuna aliyeuita rushwa. Na ni kweli, hii ni nchi ambayo ukisema "Mwalimu" tu, bila jina, watu wanajua unamtaja rais wao wa kwanza. Kuna mwalimu ninayemfahamu aliyewahi kupewa doti ya khanga na wazazi wa darasa lake. Aliivaa mpaka ikachanika. Aliniambia kuwa katika miaka yake yote ya kazi, siku hiyo ndiyo pekee wazazi walipomfuata shuleni bila malalamiko.

Sasa upande wa pili. Mama mmoja anayeuza nyanya soko la Mbuyuni ana watoto watatu shuleni hapo, yaani shilingi 15,000. Aliuliza swali moja: "Nikishindwa, jina langu litabandikwa?" Hakujibiwa. Tunajua sote inavyokuwa: orodha inapigwa gundi ukutani, na mtoto ndiye anayeisoma wa kwanza.

Mimi kinachonitia hofu zaidi ni zawadi ya mzazi mmoja mmoja. Mwenye uwezo anapeleka bahasha, wiki inayofuata mwanawe kahamia dawati la mbele. Hata kama mwalimu hakukusudia, darasa zima limeona. Na ile kauli kwamba "mtihani umeshapita, hii ni asante tu" haimwokoi mtu, kwa sababu Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haiishii kwenye kishawishi cha kabla. Inagusa pia malipo ya baada ya kupendelewa. Mchango wa wote, kila mtu kwa kadiri anavyoweza, ukitolewa mbele ya wote na kugawiwa sawa, hauna doa hilo. Hapo nakubaliana na waliotaka zawadi.

Wengine walisema kazi ya kumjali mwalimu ni ya serikali, siyo yetu. Wana msingi. Siku ya Walimu Duniani, inayoadhimishwa tangu 1994, iliwekwa tarehe 5 Oktoba kwa sababu siku hiyo mwaka 1966 yalipitishwa mapendekezo ya UNESCO na Shirika la Kazi Duniani kuhusu hadhi ya mwalimu: mafunzo yake, ajira yake, mshahara wake, mazingira ya kazi yake. Lakini wenzangu waliolisema hilo hawakupendekeza tuandike hata barua moja kudai nyumba ya mwalimu. Walinyanyuka wakaenda zao.

Nirudi jikoni, kwenye ile ajenda ya dakika tano. Mpishi wetu huingia saa kumi na moja alfajiri. Mahindi na maharage ameyaloweka tangu jana. Makande yasipoinjikwa mapema, mchana watoto watatafuna mawe. Jiko lenyewe ni kibanda cha mabati, kuta nyeusi tii kwa masizi. Masika kuni zinalowa, na yeye hukoroga kwa mikono miwili uso akiugeuza pembeni kukwepa moshi. Julai nilipeleka debe langu la mahindi, nikamkuta anachambua maharage kwenye ungo. Bila kuinua kichwa akaniambia: "Kuna mtoto wa darasa la tatu, kila Jumatatu anaomba kuongezewa. Nimemwambia mwalimu wake. Nadhani Jumapili kwao hawapiki." Mwalimu alikuwa akimwona mtoto huyo anasinzia, aliyejua sababu ni mpishi.

Huyu ndiye tunayemdai uvumilivu. Tangu Januari 2016 kuna mpango wa elimu bila malipo, na serikali huipa shule ya msingi ruzuku iliyopangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Chakula cha shule ya kutwa kama yetu kimebaki mikononi mwa wazazi, na mpishi na mlinzi pamoja nacho. Mwajiri wao ni sisi. Mwalimu ana chama na ana pa kupeleka lalamiko. Mpishi akiminywa, atamlalamikia nani?

Niliomba kuiona orodha ya zawadi. Walimu waliandikwa majina matatu matatu. Chini kabisa paliandikwa: "Mpishi 1, Mlinzi 1." Nikauliza jina la mpishi. Katika wazazi waliokuwa wamebaki hakuna aliyelijua. Ikabidi mtoto atumwe jikoni kuuliza.

Kikao cha pili tulibadilisha mpangilio: deni kwanza, zawadi baadaye, na zawadi iwe moja kwa kila anayefanya kazi shuleni, kwa jina lake. Mimi nikapewa kazi ya kukusanya. Hadi jana tumeshalipa mwezi mmoja. Mwezi wa pili unawasubiri wazazi 38. Majina yao ninayo kwenye daftari, na ninawapitia majumbani jioni, mmoja mmoja, bila kubandika chochote ukutani.