Kitabu kinakubali, msimamizi bado

Paladini mmoja, yaani shujaa wa mchezoni aliyekula kiapo, amewagombanisha marafiki wanaocheza Dungeons & Dragons hapa Lubumbashi, kule Kampemba. Mchezaji wake alifika na mhusika wa ngazi ya 5, ila ngazi ya kwanza hakuichukua kwenye upaladini. Aliichukua kwa warloki, mtu aliyefunga mkataba na kiumbe cha kutisha ili apewe nguvu, na ngazi nne zilizobaki ndizo akazitia kwenye kiapo cha paladini. Msimamizi akakataa. "Yaya, kitabu kinakubali," akaambiwa (yaya kwetu ni ndugu mkubwa). Akajibu: "Kitabu kinakubali, mimi bado." Kikao kikafia hapo.

Kwa asiyeujua mchezo: Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mwaka 1974. Kila mchezaji anaigiza mtu mmoja, msimamizi anaigiza dunia nzima iliyobaki, na jambo lenye shaka linaamuliwa kwa dadu ya pande 20. Mhusika hupimwa kwa sifa sita: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Hekima na Mvuto. Paladini wa kawaida hugawanyika, kwani anapiga kwa Nguvu lakini uganga wake unaendeshwa na Mvuto. Ngazi moja ya yule warloki inafuta mgawanyiko huo. Sasa anapiga kwa Mvuto, analoga kwa Mvuto, na akifika ngazi ya 6 ya upaladini Mvuto huohuo utamkinga yeye na walio karibu naye.

Wanaomtetea wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Kwanza, ujanja huo una bei. Ili kuchanganya upaladini na kazi nyingine sheria inadai Nguvu 13 na Mvuto 13, kwa hiyo Nguvu haitupwi kabisa. Tena pigo la pili katika zamu moja paladini hulipata kwenye ngazi ya 5 ya upaladini, na huyu ana nne tu. Mpiganaji wa ngazi ya 5 aliyekaa pembeni yake anapiga mara mbili, yeye anapiga mara moja. Msimamizi aliyekataa aliangalia faida, gharama hakuihesabu.

Pili, kuna suala la heshima. Kwenye meza zetu msimamizi mara nyingi ndiye mkubwa kwa umri, au ndiye mwenye nyumba. Mdogo hambishii yaya mbele ya watu. Sheria iliyoandikwa ndiyo inayompa mdogo mahali pa kusimama bila kukosa adabu, maana habishani na mtu, anaonyesha ukurasa. Ukiondoa ukurasa, anabaki na kunyamaza.

Lakini ukurasa nao una visa vyake. Wachezaji wa dunia nzima wanakijua kile cha wanakijiji na mkuki. Panga watu 2,000 kwenye mstari, kila mmoja kwenye nafasi yake ya mita 1.5, kila mmoja akingoja kupokea mkuki na kumpa jirani. Duru moja ya mapigano ni sekunde 6, na kila mtu ana zamu yake ndani ya duru hiyo. Mkuki unasafiri kilomita 3 kwa sekunde 6, yaani mita 500 kwa sekunde. Hapo mchezaji anadai kwamba unampasua joka. Nacheka kila nikikisikia, na bado nasema anayedai hivyo hajafuata sheria hata kidogo. Alizifuata kwenye kupokezana, kisha kwenye pigo akazitupa na kushika fizikia. Sheria inasema mkuki ukirushwa unaumiza kwa dadu moja ya pande 6, basi. Mwongozo wa msimamizi wa mwaka 2024 umeandika waziwazi kwamba sheria za mchezo si fizikia, na hapo upande wa msimamizi unapata nguvu: lazima awepo mtu wa kusema hapana.

Lazima awepo pia kwa mambo ambayo kitabu hakikuyawaza. Dadu ya pande 20 si kitu cha kukiokota sokoni hapa kwetu. Wengi tunatumia programu ya simu, na simu zikizimika kwa kukosa umeme tunakunja vikaratasi 20 vyenye namba na kuvitikisa kwenye kikombe. Je, kikaratasi kilichotoka kinarudishwa? Kisiporudishwa, aliyeokota 20 amewanyima wenzake 20 mpaka kikombe kiishe, na mwisho wa kikombe kila mtu anajua kilichobaki. Hakuna ukurasa wa kitabu unaozungumzia kikombe. (Kinarudishwa. Kila mara.)

Mimi naona pande zote mbili zinachanganya nyakati mbili tofauti. Kujenga mhusika kunafanyika nyumbani, peke yako, kabla ya kikao. Kucheza kunafanyika mbele ya wote. Anayecheza vibaya na sheria mezani anaonekana na anarekebishwa palepale. Anayejenga usiku na simu yake, akiwa na bando la kutosha na Kifaransa kizuri cha shule, hakuna anayemwona mpaka afike. Ndiyo maana kwenye kujenga nataka sheria kali, na kwenye kucheza nataka msimamizi awe na mkono huru.

Sasa, kali kwa kitabu kipi? Hapa ndipo "kitabu kinakubali" inapoteleza. Sheria za msingi za toleo la tano zilifunguliwa mwaka 2023 kwa leseni huria, na ziko kwa Kifaransa pia. Hizo ndizo zilizo kwenye simu za kundi lile. Warloki anayepiga kwa Mvuto hayumo humo. Alitoka kwenye kitabu cha nyongeza cha mwaka 2017. Mchezaji alisema kweli kwamba kimeandikwa, ila kimeandikwa mahali ambapo yeye tu anaweza kusoma. Wenzake hawakushindwa kwa akili. Hawakujua kwamba mlango huo upo.

Ukisema basi tufunge kila kitu ndani ya hati ya bure, unakuta umasikini. Hati ile ya 2023 ina asili moja tu ya mhusika (yaani maisha yake kabla ya mchezo kuanza), mtumishi wa hekalu, na kipaji kimoja tu cha ziada, cha mieleka. Kila kazi imepewa tawi moja. Ukiongeza na ugawaji wa pointi, kila mtu akinunua sifa zake sita kwa pointi 27 bila kuvuka 15 kwenye sifa yoyote, baada ya miezi michache wapiganaji wote wana Akili 8 na wote walilelewa hekaluni. Dadu zinavunja ufanano huo. Ukirusha dadu nne za pande 6 kwa kila sifa na kuacha ndogo kuliko zote, wastani ni kama 12.2, juu kidogo ya 12 ya namba sita ambazo kitabu kimezipanga tayari, na takriban mtu 1 kati ya 11 anaondoka na angalau 18 moja. Wale 10 wengine wanamtazama miezi yote ya mchezo. Mimi bado nachagua pointi.

Toleo la 2024 nalo halikumaliza ugomvi. Mwanya wa warloki halikuuziba. Liliupanua, kwani sasa warloki yeyote anaweza kuchagua kupiga kwa Mvuto tangu ngazi ya 1. Pia nyongeza za sifa ziliondolewa kwenye kabila la mhusika na kuwekwa kwenye asili yake. Orki (jitu la hadithi) mwenye kusoma sana hapungukiwi tena, na hilo ni zuri. Lakini asili ya mkulima inaongeza Nguvu, Ustahimilivu na Hekima, Akili haimo. Mtoto wa mkulima anayetaka kuwa msomi wa uganga anaanza nyuma ya mtoto wa maktaba. Mwambie hivyo mwanafunzi wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliyetoka shambani Kasenga uone atakavyokutazama. Hapo ndipo pa msimamizi kutumia ruhusa aliyopewa na mwongozo wake, ya kutunga asili mpya, na aitunge kabla ya kikao, kwa ajili ya yeyote anayeihitaji.

Kuhusu yule paladini, ningemkubali, kwa sharti moja: mwenyewe awasomee wenzake ile sehemu ya kitabu cha 2017, kwa Kiswahili, na kila mmoja apewe nafasi ya kujenga upya mhusika wake kabla joka la kwanza halijatokea. Kama hataki kuwasomea, aje na paladini wa kawaida.