Nani apite na baiskeli katika shamba la mtu? Sheria ya Uingereza mbele ya ile ya Uskoti

Mashambani Uingereza (hapa maana yake ni England peke yake, bila Uskoti) ziko njia ambazo mtu huanza kuzifuata kihalali na kuzimaliza akiwa mvamizi, bila kugeuka kushoto wala kulia. Njia inapanda kutoka kijijini, pana ya kutosha kupitisha trekta, na kwenye nguzo ya lango umepigiliwa mshale wa buluu unaoonyesha kwamba wapanda farasi na waendesha baiskeli wanaruhusiwa. Ikifika mpakani mwa parokia, ile ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa, mshale unakuwa wa manjano, yaani waenda kwa miguu peke yao, ingawa udongo ni ule ule, upana ni ule ule na trekta linalopita ni lile lile. Mara nyingi sababu haiko ardhini bali katika makaratasi. Sheria ya mwaka 1949, ile iliyoanzisha hifadhi za taifa, iliziagiza kaunti zichore ramani rasmi za njia za umma, na kazi ya kukusanya taarifa ikaangukia mabaraza ya parokia, kila moja likiandika lilivyoona. Baraza hili likaandika njia ya farasi, jirani yake likaandika njia ya miguu, na maandishi hayo ndiyo yanayomfunga mwenye baiskeli hadi leo.

Ruhusa yenyewe ya baiskeli ilikuja mwaka 1968, pale kifungu cha 30 cha Sheria ya Mashambani kilipowapa waendeshaji haki ya kutumia njia za farasi kwa sharti la kuwapisha wapanda farasi na waenda kwa miguu. Baiskeli ya milimani haikuwapo wakati huo. Vijana wa Kaunti ya Marin, California, walianza kuteremka milima kwa baiskeli kuukuu zenye matairi manene katika miaka ya 1970, na zile zilizoundwa mahsusi kwa kazi hiyo zikaenea Uingereza katika muongo uliofuata. Sheria haikuwafuata. Matokeo yake ni kwamba mwendesha baiskeli ana haki katika takriban asilimia 22 tu ya mtandao wa njia za umma za Uingereza. Sheria ya mwaka 2000 iliyofungua milima, nyika na ardhi za jumuiya, ambazo ni karibu asilimia 8 ya nchi, ilizifungua kwa watembeao tu. Hata huko Dartmoor, nyika ya kusini-magharibi mwa nchi, ambako Mahakama ya Juu iliamua Mei 2025 kwamba umma una haki ya kupiga kambi bila kuomba ruhusa ya mwenye ardhi, sheria iliyokuwa ikifasiriwa, ya mwaka 1985, inataja watu wa miguu na wa farasi, baiskeli haimo.

Katika mjadala huu mwenye shamba ndiye anayekejeliwa upesi, akichorwa kama bwana mkubwa anayekaa nyuma ya ukuta wake wa mawe na kuwachukia watu wa mjini. Wapo wa namna hiyo, lakini malalamiko ya mfugaji wa kawaida yana uzito wake. Kati ya Machi na Mei kondoo wanazaa. Jike mwenye mimba pevu akikurupushwa anaweza kuharibu mimba, na jike aliyetoka kuzaa akitenganishwa na mwanawe kabla hawajazoeana harufu anaweza kumkataa moja kwa moja, na hapo mfugaji huanza kumlea mwanakondoo kwa chupa usiku na mchana. Lango likiachwa wazi, kondoo dume huingia kwa majike wasio wake na mpango wa uzazi wa mwaka mzima ukavurugika. Watembeao nao husahau malango, ni kweli, lakini baiskeli ina tabia mbili ambazo mguu hauna: ni ya kasi, na haina sauti. Mnyama humsikia na kumwona mtembea kwa miguu kutoka mbali. Anayeteremka kwa baiskeli hutokea ghafla kwenye kona.

Lipo pia suala la dhima. Sheria ya mwaka 1984 inamwekea mwenye ardhi wajibu wa kiasi hata kwa mtu aliyeingia bila ruhusa, iwapo mwenye ardhi anaijua hatari iliyopo na anajua kwamba watu huenda wakaifikia. Fikiria basi msitu ambao vijana wasiojulikana wamekuja jioni na sururu, wakajenga kwa udongo na magogo ngazi ya kurukia baiskeli yenye kimo cha mtu mzima, wakaondoka. Mwenye msitu akiigundua, tayari ameijua hatari. Akiibomoa, hurudi wakaijenga palepale. Akiiacha na mtu akavunjika shingo, mwanasheria wake hatalala vizuri. Katika hoja zote za upande huu naiona hii kuwa ndiyo nzito kuliko nyingine, na waendesha baiskeli wengi huipita haraka mno.

Hoja ya mmomonyoko naiamini kidogo zaidi. Husemwa kwamba matairi huchimba njia, na aliyewahi kuona kijia cha mteremkoni mwezi wa Februari, kikiwa na mfereji mmoja mwembamba katikati ambamo maji ya mvua yanashuka yakichukua udongo, hawezi kusema kwamba tairi halina kosa. Lakini utafiti uliofanyika Montana, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994 ulilinganisha miguu ya watu, kwato za farasi, baiskeli na pikipiki kwenye njia za mlimani, ukaona kwamba kwato ndizo zilizolegeza udongo mwingi zaidi, na kwamba watembea kwa miguu nao walilegeza zaidi ya baiskeli. Kinachoamua ni udongo, mwinuko na unyevu kuliko chombo. Ikiwa ndivyo, sheria inayomruhusu farasi wa kilo mia tano katika matope na kuizuia baiskeli kwenye barabara kavu ya trekta haiwezi kutetewa kwa jina la kulinda ardhi.

Tena katazo hilo halina meno. Kuendesha baiskeli kwenye njia ya miguu bila ruhusa ni uvamizi wa ardhi, na uvamizi wa kawaida Uingereza ni jambo la madai, si la jinai, isipokuwa pawepo amri maalumu ya mahali hapo. Mwenye ardhi anaweza kukuamuru uondoke na anaweza kukupeleka mahakamani, ila bila hasara iliyothibitika hapati cha maana, na ndiyo sababu mabango ya kutishia mashtaka yaliyopigiliwa kwenye miti yana sifa ya zamani ya kuwa uongo wa ubao. (Msomaji wa Kenya asijaribu ujanja huo nyumbani: sheria ya uvamizi, sura ya 294, inalifanya kuwa kosa la jinai kuingia katika ardhi ya mtu iliyozungushiwa uzio bila sababu ya msingi.) Kwa hiyo mfumo wa Uingereza unamnyima haki mwendeshaji mwangalifu anayesoma ramani, huku asiyejali akipita apendavyo. Mfugaji naye hapati kinga aliyodhani anayo, kwa kuwa mshale wa buluu unawaruhusu waendeshaji kukatiza malisho yake hata katika wiki ambazo kondoo wanazaa. Ramani haina msimu.

Uskoti ilichukua mkondo mwingine. Sheria ya Mageuzi ya Ardhi ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika kwa upande huu mwezi Februari 2005, inampa kila mtu haki ya kupita na kujiburudisha katika sehemu kubwa ya ardhi na maji ya ndani, iwe ya serikali au ya mtu binafsi, kwa miguu, farasi, baiskeli au mtumbwi, mradi asitumie chombo cha moto na atende kwa uwajibikaji. Yameachwa nje ya haki hiyo maeneo yanayozunguka nyumba za watu kwa kiasi cha kulinda faragha yao, viwanja vya shule, na mashamba yenye mazao yaliyopandwa. Mwongozo rasmi unaoandamana na sheria unaeleza uwajibikaji ni nini: kuheshimu maslahi ya wengine, kutunza mazingira, na kubeba dhamana ya matendo yako mwenyewe, kwa mwendesha baiskeli maana yake ni pamoja na kukwepa ardhi laini yenye majimaji na kupunguza mwendo mbele ya watu na mifugo. Swali limehama. Uingereza huuliza njia hii ilikuwa ya nani zamani. Uskoti huuliza wewe unatendaje sasa.

Wenye ardhi walitabiri kwamba haki zao zingemezwa. Mahakama hazikuwatendea hivyo. Mwaka 2007 Ann Gloag, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya mabasi ya Stagecoach ambayo wakazi wa Nairobi wa miaka ya 1990 wanaikumbuka barabarani mwao, alikuwa amezungushia uzio sehemu ya ardhi ya kasri lake la Kinfauns karibu na Perth. Halmashauri na chama cha watembea kwa miguu wakapinga, na hakimu akakubali kwamba eneo hilo lilihitajika kwa faragha na usalama wa nyumba. Kesi iliyo karibu zaidi na mada yetu ni ya mwaka 2009, kutoka Fortrose. Wenye msitu mmoja waliwakaribisha watembea kwa miguu na waendesha baiskeli katika vijia vyao, lakini wakawazuia farasi katika baadhi yavyo kwa kuhofia kwato. Halmashauri ya nyanda za juu iliwaamuru waondoe vizuizi, na mahakama ya rufaa huko Edinburgh ikawapa ushindi wenye msitu: mwenye ardhi anayeisimamia kwa uwajibikaji halazimiki kungoja uharibifu utokee kwanza. Naiona hukumu hiyo kuwa na busara kuliko ramani yoyote ya mwaka 1949, kwa kuwa iliangalia kijia chenyewe na kilichokuwa kikipita juu yake.

Hata hivyo Uskoti si peponi. Haki ya kupita haimpi mtu ruhusa ya kuchimba, na hapo ndipo mfumo wake unapochechemea. Katika misitu ya milima ya Cairngorms vijia vilivyofunguliwa na waendeshaji bila idhini vimepenya makazi ya capercaillie, ndege mkubwa wa msituni ambaye sensa ya majira ya baridi ya 2021 na 2022 ilimkadiria kubaki mia tano na ushei tu Uskoti nzima, na ambaye huacha maeneo yanayopitwa mara kwa mara na watu. Kijia kipya huchimbwa wikiendi moja, kikapigwa picha, kikasambaa katika programu za simu, na kufikia mwezi unaofuata wanaokitumia hawajui kwamba hakikuwahi kuruhusiwa. Hoja ya tabia njema haiwafikii watu hao, kwa sababu wao wenyewe wanadhani wako kwenye njia halali. Palipopatikana nafuu, katika Cairngorms na katika bonde la Tweed juu ya mji wa Innerleithen, ilitokana na mazungumzo ya muda mrefu: waendeshaji wakajiunga katika vikundi vya kujitolea, wasimamizi wa misitu wakakubali baadhi ya vijia vilivyokwisha kuchimbwa na kukataa vingine, na wachimbaji wa jana wakawa watunzaji wa leo.

Pingamizi linaloletwa dhidi ya kuihamisha sheria hiyo kusini ni idadi ya watu. Uskoti ina watu wapatao milioni 5.5 katika kilomita za mraba 78,000. Uingereza ina zaidi ya milioni 57 katika kilomita za mraba 130,000. Kinachovumilika katika bonde lenye waendeshaji kumi kwa siku huenda kisivumilike nje kidogo ya London. Pingamizi hili ni la kweli, lakini mfano wake ulio karibu unaonyesha kinyume cha linavyokusudia. Katika vilima vya Surrey, kusini-magharibi mwa London, msitu wa Hurtwood, ambao ni mali binafsi, ulifunguliwa kwa umma na mwenyewe mwaka 1926, na leo vijia vya Holmbury na Pitch vinajaa waendeshaji kila mwisho wa wiki, huku kijiji kidogo cha Peaslake kikibeba foleni za watu wenye matope hadi magotini wakingoja vitafunwa vya jibini dukani. Kero za wanakijiji ni magari yanayoziba vichochoro vyao. Msongamano huo umeletwa na uhaba: palipo na milango michache iliyo wazi, wote hupita hapo. Kufungua kwingine kungeipunguzia Peaslake mzigo kuliko kuufunga Hurtwood, ambao kisheria unategemea hisani ya zamani ambayo si kila mwenye ardhi wa kizazi hiki angeirudia.

Kwa uzani wangu basi upande wa Uskoti una nguvu zaidi, ila si mzima mzima. Hatua ya kwanza ambayo Bunge la Westminster lingeweza kuichukua bila kubomoa chochote ni kuwaruhusu waendesha baiskeli katika njia zote za miguu ambazo tayari ni barabara za trekta au za magari ya msituni, na kuviacha kwanza vile vijia vyembamba vyenye ngazi za kuvukia kuta, ambavyo hata mwendeshaji mwenyewe hulazimika kubeba baiskeli begani. Sambamba na ruhusa hiyo mfugaji apewe uwezo wa kufunga njia kwa wiki zilizotajwa za uzazi wa kondoo kwa kutoa taarifa tu, bila kuomba kibali cha miezi sita, na uchimbaji ubaki jambo la ruhusa ya maandishi, pamoja na kumwondolea mwenye ardhi dhima ya kitu alichojengewa bila ridhaa yake. Baiskeli zenye mota ndogo ya umeme, ambazo sheria inazihesabu kama baiskeli za kawaida, zinaweza kubaki hivyo, ingawa zinawafikisha watu wengi zaidi juu ya mlima mara nyingi zaidi kwa siku, na hilo litahitaji kuangaliwa tena.

Gharama iliyojificha ni ya watu. Sheria ya Uskoti inazitaka halmashauri kuilinda haki hiyo na kuchora mipango ya njia kuu, na kazi hiyo inafanywa na maofisa wachache wanaomjua mkulima kwa jina na kuwajua vijana wenye sururu kwa sura. Uingereza ikiiga maneno ya sheria bila kuajiri watu hao, mfugaji atabaki na simu isiyopokelewa Jumapili asubuhi, naye atafanya kile ambacho wengine hukifanya sasa: kufunga waya wa miiba langoni na kusubiri aone nani atalalamika.