Harufu ya karatasi haisomwi

Juzi kwenye kivuko cha Kamanga, hapa Mwanza, mzee mmoja alinitazama weee, mpaka akashindwa kujizuia. "Binti, mtakwisha na hizo simu. Sisi tulikuwa tunasoma vitabu." Nikamjibu, "Ni kweli, mzee wangu," nikaendelea na riwaya yangu humohumo kwenye kioo. Mwenyewe mkononi hakuwa hata na gazeti la kufungia maandazi.

Jamani, nimechoka. Ukishika simu wewe ni wa umbea. Ukishika karatasi, hata kama ni udaku mtupu, wewe msomi. Mbona kanisani hatusemani? Padri akisoma Injili, nusu ya benchi wanamfuata kwenye simu, na sijasikia mtu akilia kwamba Neno limepungua nguvu kwa kukosa jalada.

Nilianza na simu, sasa nina Kindle ya mtumba, kile kifaa cha kusomea vitabu. Kioo chake hakiwaki kama cha simu. Ndani kuna vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe. Umeme unazipandisha au kuzishusha, na herufi ikishatokea inakaa palepale bila kula chaji. Ndiyo maana jua la saa saba ziwani, lile linaloifanya simu iwe kioo cha kujitazamia, kwangu linakoleza maandishi tu. Umeme ukikatika mtaani, nageuza ukurasa.

Lakini hizo ni mbwembwe. Kilichonimaliza kabisa ni ukubwa wa herufi.

Mama mkubwa ni mwalimu mstaafu, Mkerewe, ndiye aliyenifundisha kusoma. Miaka ya karibuni akawa haonekani na kitabu, nasi tukasema ni uzee, amechoka. Kumbe macho! Lenzi ya jicho hukakamaa taratibu. Ukivuka miaka 40 unaanza kusogeza karatasi mbali, mpaka mkono unaisha. Alinunua miwani kwa machinga, ikamtia kizunguzungu, akaitupa kabatini na kunyamaza. Vile vishikwambi vya Sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu vilimkuta keshastaafu, kwa hiyo nikamtafutia cha kwake. Nikakuza maandishi hadi mstari ukabaki na maneno manne. Akasoma mstari wa kwanza kwa sauti, akasoma wa pili, kisha akaniambia, "Mwanangu, hebu sogea, unanizibia mwanga." Kishikwambi kina mwanga wake, lakini nilisogea. Tangu hapo maharage ya nyumba ile yanaungua.

Niambieni, ni karatasi gani inakuza herufi kwa vidole viwili? Wako wangapi kwenye vibaraza vya Nyakato, Igoma, Nansio, tunaowaita wazee wasiopenda kusoma, wakati sisi ndio tumewachapia maandishi ya ukubwa wa sisimizi? Mtu alifundisha watoto wa watu a-e-i-o-u maisha yake yote, halafu anamalizia uzee akitazama majalada! Hili linanikasirisha kuliko yule mzee wa kivukoni, na sioni aibu kusema hivyo.

Haya, karatasi nayo ina lake: unaweza kumwazima jirani, ingawa harudishi. Na kikidondoka ziwani, kitabu ni hasara ya elfu kumi. Kifaa changu ni msiba.

Sasa Mama mkubwa akaniuliza, "Na Kitereza yumo humu?" Nikatafuna maneno. Aniceti Kitereza, mtu wa kwao Ukerewe, alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikaja kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Miaka 35! Na kila ninapomtafutia Mama mkubwa riwaya ya Kiswahili ya kununua kihalali, naishia kutumiwa PDF kwenye WhatsApp, kurasa zimepigwa picha zimepinda, kidole cha mpiga picha kimefunika aya, na mwandishi hapati hata senti. Hizo hata kukuza hazikuziki vizuri. Ukizivuta, nusu ya sentensi inatoka nje ya kioo.

Wachapishaji wetu, mnaogopa kuibiwa? Mmeshaibiwa. Aliyebaki bila kitabu ni yule anayetaka kulipa. Wekeni bei, wekeni lipa namba. Mama mkubwa keshanirushia elfu kumi ya pensheni yake, imekaa tu kwenye simu yangu, na kila Jumamosi ananiuliza nimeifanyia nini.